Tamasha tunalikumbuka, wenye njaa je?



Ukikutana na Mwingereza mwenye miaka 60 na kitu, mpenzi wa muziki wa roki, muulize ni tamasha gani bora kuliko yote aliyowahi kuhudhuria. Kama alikuwa miongoni mwa watu wapatao 72,000 waliojaa Uwanja wa Wembley, London, Jumamosi ya Julai 13, 1985, jibu litatoka kabla hujamaliza swali. Atakuambia ni Live Aid, kisha jiandae kukaa.

Atakusimulia jinsi Bono, kijana wa Ireland wa kundi la U2, alivyoshuka jukwaani kwenda kucheza na msichana aliyekuwa kwenye umati, huku wenzake wakirudiarudia mdundo uleule mpaka muda wa wimbo wa tatu ukaisha. Atakusimulia habari za Phil Collins, aliyeimba London mchana, akapanda ndege ya Concorde, akaimba tena siku hiyohiyo Philadelphia, Marekani, ambako uwanja mwingine ulikuwa na watu karibu 90,000. Atakusimulia kipaza sauti cha Paul McCartney kilivyozima mwanzoni mwa wimbo, na wanamuziki wenzake wakapanda jukwaani kumsaidia kuimba.

Halafu atafika kwa Queen, na hapo sauti yake itabadilika.

Unajua kwamba mwimbaji wa Queen ni mtoto wa Unguja? Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Familia iliondoka kwenda Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Miaka 21 baadaye alisimama Wembley kwa singlendi nyeupe, na kwa dakika zipatazo 20 akaushika uwanja mzima mkononi. Alitoa sauti, umati ukaitikia. Akaipandisha, nao wakaipandisha. Watu maelfu kwa maelfu walipiga makofi kwa pamoja, mikono juu ya vichwa, kama mtu mmoja. Padre yeyote aliyewahi kusema "Bwana awe nanyi" akaitikiwa na kina mama wanne wa benchi la mbele atanielewa nikisema kwamba naona wivu. Na ndugu zangu wanakwaya mjue hili: Queen walijifungia kufanya mazoezi kwa siku kadhaa kwa ajili ya dakika hizo 20 tu.

Mimi sikuwepo, wala sikuona. Mwaka ule nilikuwa seminari ndogo, na huku Bara televisheni ilikuwa bado haijafika. Waliokuwa nayo ni Zanzibar. Niliyaona haya miaka mingi baadaye, kwenye kanda, kama wengi wetu.

Sasa muulize yule Mwingereza swali la pili. Tamasha lile lilikuwa la nini? Atakujibu bila kusita kwamba lilikuwa la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Lakini ukimwomba akusimulie habari za hao wenye njaa kama alivyokusimulia za Freddie, utaona maneno yanapungua. Simlaumu. Nataka tu tuitazame kumbukumbu hiyo kwa makini, kwa sababu inafanana sana na yetu.

Yote yalianza na kamera. Oktoba 1984, mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye kazi yake aliianzia Dar es Salaam, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Walikuta maelfu ya watu wamelala chini kwenye baridi ya alfajiri, wengine tayari wamekufa, miili imefungwa katika nguo na kupangwa mstari. Ukame ulikuwepo, lakini njaa ile haikuletwa na mbingu peke yake. Palikuwa na vita, na palikuwa na serikali ya Mengistu. Waliokufa walikuwa mamia ya maelfu. Picha za Amin zilipooneshwa Uingereza, mwimbaji mmoja wa Ireland, Bob Geldof, aliziona. Desemba mwaka huohuo ukatoka wimbo wa kuchangisha, na miezi saba baadaye likaja tamasha.

Kuna tukio moja la siku ile ambalo mimi naliweka juu ya dakika zote za Queen. Muda mfupi baada yao alipanda David Bowie. Alikuwa amepanga nyimbo tano. Akaimba nne, wa tano akauacha, ili muda wake utumike kuonesha filamu fupi iliyopigwa na televisheni ya Kanada: watoto wa Ethiopia, mifupa mitupu, wakijaribu kusimama. Uwanja uliokuwa ukinguruma ukanyamaza, na watu walilia. Mmoja wa watoto wale, msichana mdogo ambaye wauguzi walishakata tamaa naye, alipona. Julai 2, 2005, katika tamasha jingine jijini London, alisimama jukwaani akiwa msichana mkubwa, mwanafunzi wa kilimo, huku Madonna akimshika mkono.

Tazama basi tulichochagua kukumbuka. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya maisha ya Freddie, na kilele chake ni zile dakika za Wembley. Orodha za maonyesho bora ya roki huziweka mahali pa juu. Wimbo ambao Bowie hakuuimba huwezi kuukuta kwenye orodha yoyote, kwa kuwa haukuimbwa.

Mtakatifu Augustino aliliona jambo hili mapema. Katika Maungamo, Kitabu cha 10, anakiri kwamba zipo siku ambazo sauti ya mwimbaji kanisani humgusa kuliko kile kinachoimbwa, naye huhesabu hiyo kuwa dhambi. Lakini hakufuta nyimbo. Anakubali ziendelee, kwa sababu anakumbuka machozi aliyolia siku za uongofu wake. Huyu si mtu anayechukia muziki.

Wala Daudi hakuuchukia. Sanduku la Agano lilipoletwa Yerusalemu alicheza kwa nguvu zake zote hadi mkewe Mikali akamdharau. Kisa hiki kila mtu anakijua, na kila kwaya inayotaka kucheza altareni hunitajia. Soma aya ya 19 ya sura ileile, 2 Samweli 6. Sherehe ilipokwisha, mfalme aligawa chakula kwa umati wote, wanaume kwa wanawake, mkate kwa kila kichwa pamoja na vitu vingine vya kula, ndipo watu wakaondoka. Katika miaka yangu yote ya upadre hakuna kwaya iliyowahi kunitajia aya hiyo.

Katika parokia ninayohudumu, mwaka juzi kwaya iliandaa tamasha la kuwalipia bima ya afya wazee 14 wa jumuiya zetu ndogondogo. Lilifana kweli. Fedha zilitosha, kadi zikatoka. Mwaka jana nikawauliza waamini wanakumbuka nini. Wakakumbuka vitenge vya kijani vya kwaya ya wageni, kijana aliyepiga kinanda, pilau lililowahi kuisha. Nikauliza majina ya wazee. Tukapata matatu. Katibu akaleta daftari, tukasoma yote 14, kisha tukaangalia tarehe. Kadi zile ni za mwaka mmoja. Zilikuwa zimeisha muda miezi minne nyuma, na bibi mmoja kati yao alikuwa amerudi kununua dawa za presha kwa fedha za kuuza mchicha.

Tamasha la mwaka huu ni Oktoba. Katika ratiba nimeomba majina ya wazee yasomwe yote, polepole, kati ya wimbo wa sita na wa saba, na wenyewe wawe wamekaa mbele. Mwalimu wa kwaya anasema jambo hilo litakula muda wa wimbo mmoja, tena ule waliojiandaa nao tangu Kwaresima. Bado tunajadiliana.