Nyumba ya Mwiraqw: Zizi, Ghala na Ngome

Kainam iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mashariki ya mji wa Mbulu. Ukisimama ukingoni unaliona Ziwa Manyara likiwa chini kabisa, limetandazwa kwenye vumbi na joto, na huku juu wewe umejifunika shuka kwa baridi. Hii ndiyo Irqwar Da'aw, kitovu cha Wairaqw, ambayo vitabu vya kikoloni viliiita Mama Isara. Siku hizi nyumba za tofali na mabati zinaonekana toka mbali. Zamani, kabla ya utawala wa Wajerumani, mvamizi aliyeteremka kutoka kilimani aliweza kukanyaga paa la nyumba asitambue kwamba chini ya nyayo zake wamo watu, ng'ombe na akiba ya mtama.

Mjenzi wa nyumba ile hakuanza kwa kusimamisha ukuta. Alianza kwa kuchimba. Alikata mteremko wa kilima mpaka akapata sakafu iliyo sawa, na udongo uliobaki nyuma ukawa ndio ukuta wenyewe. Mbele aliziba kwa miti na tope. Nguzo zenye panda zilibeba boriti, juu ya boriti zikapangwa fito zilizobanana, kisha nyasi, kisha udongo ukashindiliwa. Mvua za kwanza zikinyesha, majani yaliota juu ya paa na paa likageuka kuwa kilima. Mlango ulikuwa mfupi na mwembamba, na kila aliyeingia, mwenyeji au mgeni, aliinama.

Paa la udongo si mali ya Wairaqw peke yao. Wagogo, Warangi na Wanyaturu wote wanalijua, nalo ndilo tembe ambalo msafiri wa Dodoma na Singida amelizoea. Kilichowapambanua Wairaqw ni kule kuiingiza nyumba ardhini. Sababu yake kubwa ni vita. Uwanda wa Irqwar Da'aw ulikuwa kama kisiwa: Wamasai walitamba nyikani upande wa Bonde la Ufa, Wadatoga wakawa kusini na magharibi, na wote walitaka ng'ombe. Henry Fosbrooke, ofisa wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa mhifadhi wa Ngorongoro, aliandika katika miaka ya 1950 jinsi uvamizi ulivyoamua umbo la nyumba za Wairaqw, akaziweka katika mfululizo mmoja na mbinu za kujihami za Wachaga. Naliona jambo hilo ni la haki. Tumezoea kutaja ngome za mawe za pwani tunapozungumzia ulinzi, na kuisahau familia ya mkulima iliyojilinda kwa jembe na udongo wa shamba lake.

Lakini vita peke yake haitoshi kuieleza nyumba hii. Ingia ndani. Upande mmoja ni wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Upande wa pili ni wa watu, wenye mafiga na jiwe la kusagia. Juu kuna kichanja cha kuhifadhia nafaka na kulalia, na joto la mifugo humpanda aliyelala. Mtu aliyewahi kuupitisha mwezi wa Julai juu ya nyanda za Mbulu, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, hahitaji kuambiwa thamani ya joto hilo. Moshi nao ulikuwa na kazi: ulikausha nafaka, ukafukuza wadudu, na miti ya paa ikadumu.

Na ng'ombe aliyelala ndani aliacha samadi ndani. Hapa ndipo siri ya kilimo cha Irqwar Da'aw ilipo. Ardhi ilikuwa finyu, watu wakawa wengi, na nje ya mipaka palikuwa na hatari, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuliacha shamba lililochoka na kuhamia jingine. Kila asubuhi zizi lilifagiliwa, samadi ikarundikwa uani, kisha ikapelekwa shambani kwa wakati wake. Wairaqw walilima miteremko mikali vizazi kwa vizazi bila kuiua ardhi. Walioandika juu ya kilimo cha Afrika Mashariki hawakosi kuitaja Mbulu wanapotafuta mfano wa wakulima waliorutubisha mashamba yao muda mrefu kabla bwana shamba hajafika. Kwa maoni yangu, kiwanda cha mbolea kilikuwa chini ya kichanja alicholalia mama mwenye nyumba.

Ukivuka kaskazini, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuna magofu ya Engaruka, yenye matuta ya mawe, mifereji na viwanja vya nyumba vya wakulima walioishi pale tangu karibu karne ya 15 hadi ya 18. Hawa wao walijenga kwa mawe kwa sababu mawe yalikuwa tele. Wanaakiolojia, akiwamo John Sutton, wamewataja Wairaqw miongoni mwa jamii zinazoweza kuwa na undugu na wakulima wale. Undugu uwepo au usiwepo, fikra ni ile ile: kuitunza ardhi ndogo kwa kazi kubwa, na kumfuga mnyama karibu na shamba.

Ng'ombe aliyekuwamo zizini si lazima awe wa mwenye nyumba. Tajiri wa ng'ombe hakuwaweka wote mahali pamoja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki, hata walio mbali, ili ugonjwa au wavamizi wasimmalize kwa siku moja. Aliyepewa alikunywa maziwa na kutumia samadi, na ndama wakabaki wa mwenyewe. Hivyo hata maskini aliweza kuwa na zizi lenye uhai.

Kwa Kiiraqw nyumba ni do', na do' ni ukuta, ni mke na mume, ni watoto na mifugo kwa pamoja. Kujenga kulikuwa kazi ya majirani, na walioshiriki walikunywa buura, pombe ya mtama. Ujirani huo huo ulikuwa na upande mchungu. Nyumba iliyopatwa na aina fulani za vifo, au binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, iliingia metimani: wenyewe walitengwa, hawakuomba moto kwa jirani, mifugo yao haikuchanganyika na ya wengine, mpaka muda utimie. Desturi hiyo iliwaumiza wengi, hasa wanawake, na sisikitiki kwamba imefifia.

Wajerumani walipovunja nguvu za wavamizi mwanzoni mwa karne ya 20, Wairaqw walitoka kisiwani mwao. Walielekea kaskazini hadi Karatu, kusini na magharibi hadi Dongobesh, Haydom na nchi ya Hanang. Walikofika hawakuwa na sababu ya kujificha. Nyumba ikapanda juu ya ardhi, ya duara, ya miti na tope, imeezekwa nyasi, ng'ombe wakiwa bado ndani. Huko Hanang walijirani na Wabarabaig wa kundi la Wadatoga, wafugaji ambao kila mke ana nyumba yake ndani ya boma la miiba. Nyumba ya Mbarabaig huachwa malisho yakiisha. Linalobaki ni bung'eda, tuta kubwa linalojengwa juu ya kaburi la mzee aliyeheshimiwa. Mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yaliwanyang'anya Wabarabaig malisho, na makaburi yao yakapitiwa na trekta. Hilo lilikuwa kosa, na halina jina jingine.

Baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na bati kuwa fahari ya kila mwenye uwezo, nyumba za udongo zilianza kuondoka moja moja. Siwalaumu wanaozibomoa. Giza na moshi viliharibu macho na vifua, na mama aliyepikia humo miaka mingi ana haki ya kutaka dirisha. Ninachokitaka ni kingine. Wapo wazee wa Kainam, Mbulu na Hanang ambao bado wanajua mti gani hauliwi na mchwa, udongo upi haupitishi maji, na paa la udongo linabebwa na nguzo ngapi. Halmashauri, shule za sekondari na parokia waketi nao sasa, wapime nyumba chache zilizosalia, wazichore, na wajenge angalau moja mpya kila wilaya, kwa mikono ya wanaojua. Dar es Salaam ina Kijiji chake cha Makumbusho. Mtoto wa Mbulu asilazimike kupanda basi hadi huko ili aone jinsi nyumba za asili zilivyojengwa.