Mtoto wa Gavana, Jasho la Mjakazi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulitazama tamthilia fupi zinazoigizwa na wanafunzi wetu wa Kwanza na Kitale hapa Trans Nzoia, na wa Bungoma, katika mashindano ya drama, tukaona jinsi zinavyompenda mama anayelia. Mama analala njaa, anauza kuku wa mwisho, mwanawe anafaulu, tamthilia inakwisha. Ukumbi unalipuka kwa makofi. Nilisema, na leo nashikilia pale pale, kwamba kilio hicho hakitufikishi mbali, kwa sababu hakituambii ni nani aliyesababisha mama huyo alale njaa.

Mfano wa kutusaidia ni ule ambao wengi waliwahi kuusoma katika shule za upili: The Caucasian Chalk Circle, tamthilia aliyoiandika Mjerumani Bertolt Brecht mwaka 1944 akiwa mkimbizi nchini Marekani. Kisa kinatokea Grusinia ya kale, nchi iliyo nusu historia na nusu hekaya. Gavana anapinduliwa siku ya Pasaka na kukatwa kichwa. Mkewe, Natella, anahangaika kuchagua magauni ya kukimbia nayo, hata anamsahau mwanawe mchanga, Michael. Anayemwokota ni Grusha, mjakazi wa jikoni.

Hapo Brecht anafanya jambo ambalo waandishi wetu chipukizi hawalifanyi. Anaonyesha bei. Grusha anabisha kwa mzee mmoja kuomba maziwa ya mtoto, mzee anadai piasta tatu. Msichana anashtuka, kwani hiyo ni pesa nyingi kwa mtu wa kazi yake. Anajaribu kumnyonyesha mtoto kwa ziwa lisilo na kitu, halafu anarudi mlangoni kununua. Hakuna hotuba kuhusu upendo wa mama, lakini tunajua tayari huyu mtoto atamgharimu nini. Baadaye anampiga askari kwa gogo kichwani, anavuka daraja bovu la kamba juu ya bonde la kutisha, na anakubali kuolewa na mtu anayedhaniwa yuko kufani ili mtoto apate jina na paa. Mchumba wake, Simon, anarudi kutoka vitani na kumkuta mke wa mtu.

Natella naye anarudi kumdai Michael. Wakili wake anaponyokwa na ukweli mahakamani: mali ya marehemu gavana imefungamana na mrithi, na bila mtoto mama hapati kitu. Hakimu Azdak anachora duara kwa chaki, anamsimamisha mtoto ndani yake, anawaambia wanawake hao wawili wamvute. Grusha anaachilia mkono, mara ya kwanza na ya pili, asije akamkwanyua mtoto aliyemlea. Anapewa yeye.

Wanaojua hukumu ya Nabii Suleiman watasema kisa si kigeni. Tofauti ni kubwa, hata hivyo. Kwa Suleiman, na katika tamthilia ya kale ya Kichina ambayo Brecht aliichukua na kuigeuza, jaribio linamfichua mama mzazi. Kwa Brecht, mama mzazi ndiye anayeshindwa. Umama umehamishwa kutoka kwenye damu ukawekwa kwenye kazi iliyofanywa, na kazi hiyo imefanywa na tabaka la chini kwa faida ya tabaka la juu. Ndiyo maana nasema kujitolea kwa mama na mgogoro wa matabaka si mada mbili katika tamthilia hii. Ukiiondoa moja, nyingine inaanguka.

Tuirudishe sasa nyumbani, maana tamthilia yenyewe inaanza kwa mzozo wa ardhi. Wafugaji wa mbuzi na wakulima wa matunda wanagombania bonde, nalo linapewa wakulima kwa kuwa wao watalinyunyizia maji na kulizalisha. Kila kitu kiwe cha wale wanaokitendea mema: mtoto, gari, bonde.

Msomaji wa hapa Kwanza akisikia hivyo anapaswa kutulia kidogo. Hoja hiyo tuliwahi kuisikia hapa. Walowezi waliokuja Trans Nzoia kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kupata reli ya Kitale mwaka 1926, walisema ardhi ni yao kwa kuwa wao ndio walioifanya itoe mahindi na ngano. Lakini nani alishika jembe? Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeishi kwenye ardhi ya mlowezi, afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka shambani kwa mlowezi. Ile ya mwaka 1937 ikaruhusu siku hizo zifike 270. Mkataba ulikuwa wa mwanamume, ila palizi na mavuno yalipowadia, mkewe na watoto nao waliitwa. Huyo mama ndiye Grusha wetu, na jina lake halikuandikwa popote.

Mjukuu wake yupo hata leo. Mavuno yakianza, kuanzia mwezi wa Oktoba, utamwona nyuma ya wavunaji katika mashamba makubwa, mtoto mgongoni, akiokota mahindi yaliyodondoka, akitumaini kupata gorogoro mbili tatu, yale makopo ya kupimia nafaka, kabla ya jua kuzama. Sijaona tamthilia ya shule iliyomweka jukwaani akihesabu hizo gorogoro dhidi ya karo.

Hata hivyo siwezi kuibeba sheria ya Brecht nzima nzima. Natella alimwacha mwanawe mwenyewe. Wasabaoti na Wasengwer hawakuiacha ardhi hii, waliondolewa. Mbele ya duara la chaki wangesimama watu watatu, si wawili: aliyenyang'anywa, aliyetumikishwa, na aliyejiandikishia hati. Azdak angewavutisha vipi hao? Mwandishi wa Trans Nzoia atakayelitatua swali hilo jukwaani atakuwa amempita Brecht, na naamini yumo darasani sasa hivi.

Ajue tu kwamba kazi hiyo ina hatari zake. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipomweka mama na utumwa wa enzi ya mkoloni katika wimbo, kwenye tamthilia ya Maitu Njugira, kikundi cha maigizo cha Kamiriithu kilizuiwa kuingia Jumba la Kitaifa la Maonyesho mwaka 1982, na mwezi Machi mwaka huohuo jukwaa lao kule Limuru likabomolewa.

Wiki ijayo tutamchambua Azdak mwenyewe: kwa nini Brecht alimpa mamlaka ya kuhukumu mlevi na mla rushwa aliyeketi kitini kwa bahati, badala ya hakimu mwadilifu, na kwa nini bahati hiyo inapaswa kututia wasiwasi.