Dizeli Inaweza Kuua Pampu ya Boti Yako Polepole, Hii Ndiyo Sababu

Kama una boti ya dizeli, ama kuna msee wako anaendesha moja kule Pwani, hii inakuhusu. Wengi hudhani kazi ya dizeli ni kuchomeka tu. Zii! Ndani ya pampu ya injekta, planja hailainishwi na oili ya injini. Ni dizeli yenyewe inafanya hiyo kazi.

Nafasi kati ya planja na ukuta wake ni mikroni chache tu. Unywele wako mmoja una kama mikroni 70, sasa jipimie. Hicho chuma kikikwaruzika kidogo, mafuta yanavuja kurudi nyuma na presha inashuka.

Shida ilianzia wapi? Salfa. Ikichomeka inachafua hewa, ndiyo maana meli zilibanwa 2020, kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Watu husema salfa ndiyo ililainisha. Si hivyo. Ile njia ya kuitoa kwa dizeli huondoa pia vitu vingine vyenye utelezi. Uswidi waliionja mapema miaka ya 1990, pampu zikaanza kufa baada ya dizeli mpya kuingia.

Dawa ilipatikana: kuongeza kemikali ya utelezi, halafu kupima. Kampira kadogo ka chuma kanasugua sahani ndani ya mafuta kwa dakika 75. Kwa dizeli ya meli yenye salfa kidogo, kovu likizidi mikroni 520, mafuta yamefeli.

So dizeli halali iko sawa. Mwenye kukumaliza ni yule anachanganya mafuta ya taa. Hayo ni mepesi na utelezi wake ni kidogo. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wakose faida.

Dalili? Injini ikipata moto inakataa kuwaka tena, nguvu inapungua, inanguruma vibaya. Gari ikizima unaegesha kando. Boti ikizima, mkondo ndio unaamua unaenda wapi, na una watu ndani.

Kwa hivyo nunua kwa stesheni inayokupa risiti, toa maji kwa filta kila mara, na mtungi wa bei ya kutupa ukiletwa ufuoni, kataa. Hiyo mia mbili utaokoa leo hainunui pampu.