Fedha za korosho zisizae kipigo: Walichobaini watafiti kuhusu ukatili wa majumbani

Ruangwa. Korosho zinapouzwa mnadani na malipo kuingia, kaya nyingi za Nandagala na vijiji vingine vya Ruangwa na Nachingwea hupata kwa mkupuo fedha za kutumia mwaka mzima. Hapo ndipo maswali huanza: nani ashike hela, ada ya mtoto italipwa lini, bati zitanunuliwa au la. Katika baadhi ya nyumba, maswali hayo huishia kwenye kipigo.

Wengi huuita ugomvi wa mke na mume, wa kumalizwa chumbani. Tafiti za vyuo vikuu zinaonyesha kuwa ukatili huo unapimika na unaweza kupungua jamii ikiingilia mapema.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliochapishwa mwaka 2005, ambao hapa nchini ulifanywa na watafiti wa Muhimbili akiwamo Dk Jessie Mbwambo, ulibaini kuwa asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza jijini Dar es Salaam, na asilimia 56 Mbeya, walishafanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenza wao.

Takwimu za kitaifa za afya nazo zinaonyesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15 walikuwa asilimia 40 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 27. Nafuu ipo, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya wanne.

Somo la Mwanza

Jijini Mwanza, watafiti wakiongozwa na Profesa Saidi Kapiga, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na chuo cha afya cha London, waliendesha utafiti ulioitwa MAISHA. Walichukua vikundi 66 vya wanawake wanaokopa fedha. Nusu ya vikundi vilipewa vipindi 10 vya mazungumzo kuhusu mahusiano, mgawanyo wa majukumu na namna ya kuzungumza bila ugomvi.

Zaidi ya miaka miwili baadaye, asilimia 23 ya wanawake waliopata mafunzo walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au kingono katika mwaka uliopita, ikilinganishwa na asilimia 27 ya wenzao ambao hawakuyapata.

Utafiti mwingine wa MAISHA ulitoa mafunzo hayo kwa wanawake wasio kwenye vikundi vya mikopo. Mtazamo wao kuhusu kipigo ulibadilika, lakini kipigo chenyewe hakikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Kumfundisha mwanamke peke yake, kisha kumrudisha katika nyumba na mtaa uleule, huenda kusitoshe.

Majirani nao wanahusika

Jijini Kampala, Uganda, mradi wa SASA! ulikwenda mtaani kwa wanawake na wanaume. Wakazi wa kujitolea walizungumza na majirani zao kuhusu matumizi ya nguvu na mamlaka ndani ya nyumba. Utafiti wa mwaka 2007 hadi 2012, uliomshirikisha pia Chuo Kikuu cha Makerere, ulikuta ukatili wa kimwili wa wenza ukiwa chini kwa takriban nusu katika maeneo yaliyofikiwa. Maeneo yaliyochunguzwa yalikuwa manane tu, hivyo matokeo hayo yapokewe kwa tahadhari.

Vijijini, pa kuanzia papo: vikundi vya VICOBA, vyama vya ushirika, makungwi, masheikh na wachungaji. Mazungumzo kuhusu bajeti ya familia yanaweza kufanyika kabla ya mnada, baba na mama wakiwa pamoja.

Pa kukimbilia

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenzake. Aliyeumizwa anaweza kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii, serikali ya kijiji au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako pia hupata fomu ya PF3. Kwa ukatili wa watoto, simu ya bure ni 116.

Aliyebakwa awahi kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Jirani anayesikia kilio asingoje asubuhi ndipo aulize.