Njia iliyokufa kijana

Ukipita sokoni Kama, katika eneo la Pangi, mkoani Maniema, Kongo, utawasikia akina mama wa Kirega wakipatana bei ya mchele kwa Kiswahili. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Lugha ile na mchele ule vilikuja kwa miguu, kwa njia ambayo leo huioni tena: ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na majahazi, ikapanda Kabambare na Kasongo hadi Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba.

Umri wake ulikuwa mfupi. Wafanyabiashara wa pwani walifika Nyangwe katika miaka ya 1860, na kufikia 1894 njia ilikuwa imekufa. Miaka thelathini na ushei, basi.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera, nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Waliingia bara na vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba, wakarudi na pembe za ndovu. Bagamoyo hadi Ujiji peke yake ilikula miezi mitatu au zaidi. Watemi walitoza hongo, na siku zile hongo ilikuwa ushuru wa kupita, unaolipwa mchana mbele ya watu wote.

Lakini sitaki njia hii ikumbukwe kwa bendera na shanga. Pembe zilihitaji mabega, na mabega mengi yalitekwa. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko Nyangwe, watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake, walikuwa wakiuza samaki, chumvi, mafuta na kuku, ndipo watu wa misafara walipowafyatulia bunduki. Walikimbilia mitumbwi, ikawalemea, wakazama. David Livingstone, aliyeyaona kwa macho yake, aliandika kuwa Waarabu wa misafara wenyewe walikisia waliokufa kati ya 330 na 400. Wale walikuwa mama zetu.

Livingstone aliondoka akidhani Lualaba ni mto Nile. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akitaka kuufuata mto hadi mwisho wake. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, bwana wa njia, akakubali kumsindikiza vituo 60 kwa dola 5,000. Waliondoka Nyangwe Novemba. Tippu Tip aligeuka njiani. Stanley alisonga mbele, na Agosti 1877 akatokea Boma, karibu na Atlantiki.

Kwangu mimi, njia iliuawa siku hiyo, na aliyemwonyesha muuaji mlango ni bwana wake mwenyewe. Ilikwisha kujulikana kuwa pembe iliyopanda mabegani kwenda mashariki ingeweza kuteremka na mto kwenda magharibi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alielewa haraka. Mwaka 1887 alimfanya Tippu Tip wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Miaka mitano baadaye vita vikawaka kati ya watu wa Leopold na Waarabu wa misafara. Majeshi ya Leopold, chini ya Dhanis, yaliitwaa Nyangwe Machi 1893, na Kasongo Aprili. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Baba yake alikuwa amekwisha kurudi Unguja, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, akafa 1905.

Kisha ikaja reli. Kindu iliunganishwa na Kongolo mwaka 1911, na mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani, Kalemie. Mzigo ukapata tena njia ya kwenda mashariki, lakini garimoshi lilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kindu ikanenepa, Nyangwe ikabaki kijiji.

Njia ile iliwapeleka watu pia. Waliokwenda, wengine kwa minyororo, wengine kwa kubeba mizigo, wengine kwa kushika bunduki za mabwana, waliitwa Wamanyema, wakaweka makazi Ujiji, Tabora na pwani. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, upo hadi leo Msikiti wa Manyema. Na huku Maniema, lugha waliyotuachia waungwana wa misafara tuliiita Kingwana, na ndiyo tunayouzia mchele.