Mzigo mzito hupewa aliyebaki

Tulipokuwa ukimbizini Ulyankulu, shuleni tulijifunza: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Katika duka moja la vyakula hapa Kobero, mzigo mzito hupewa aliyebaki. Wauzaji walikuwa watano, sasa ni wawili.

Likizo hii ninawaandikia hesabu. Lori kutoka Kabanga hufika wateja wamejaa. Mmoja anashusha magunia, mwingine yuko kwenye mizani, na hasira zinamwishia mteja.

Tulikaa na tajiri, tukakubaliana: mzigo upokewe kabla ya kufungua, sukari na unga vifungwe kilo kilo mchana wateja wakipungua, na mizani wapokezane. Kelele zimepungua, uchovu bado. Mkataba wa ILO namba 30 wa mwaka 1930 uliwawekea wafanyakazi wa biashara saa 8 kwa siku, 48 kwa wiki. Hawa wanafanya 12 kwa siku. Mpango mzuri hauongezi mikono. Tajiri aajiri wa tatu.