Mzazi Asingojee Maji Yajae

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika visiwa vyetu vidogo mzazi ana uchungu wa pili, nao ni wa kungoja. Hungoja ruhusa, hungoja chombo, hungoja maji yajae. Leo tunapenda kulisema jambo hili waziwazi, mbele ya wananchi na mbele ya wakuu wa serikali, kwa sababu kungoja huko ndiko kunakoua.

Mkaazi wa Makoongwe au Kisiwa Panza anayekwenda hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, hana budi kuvuka bahari. Na wa Fundo anayekwenda Wete vivyo hivyo. Mchana, kwa mtu mwenye afya yake, safari hiyo ni fupi. Usiku wa manane, kusi ikivuma au maji yamekupwa na chombo kimekaa juu ya tope, safari hiyo hiyo haina mwisho. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa mbili tu. Damu haingoji maji.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba wazazi hupotea kwa sababu ya kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika hospitali, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Maelezo hayo yanatuhusu sisi watu wa visiwani barabara.

La kwanza ni letu wananchi. Wavuvi wetu huenda dago kwa wiki nyingi, na wako wanaowaacha wake zao na mimba pevu bila ya kuacha neno. Uchungu unapoingia, wazee hutazamana: nani atoe ruhusa? Mume mwenye busara aitoe ruhusa hiyo kabla ya kuondoka, na nauli aiweke kwa mtu mwaminifu. Mkunga wa jadi, ambaye tunamheshimu, aonapo damu, au mama analalamika kichwa kinamuuma sana na macho yanaingia kiza, awe wa kwanza kusema: "Twendeni hospitali."

La pili ni la serikali. Katika utafiti uliofanywa hapa Zanzibar mwaka 2009 na 2010, wajawazito waliunganishwa na vituo vya afya kwa simu ya mkononi. Kwa wanawake wa mjini, idadi ya waliozalishwa na wahudumu wenye ujuzi iliongezeka sana. Kwa wale wa shamba ongezeko hilo halikuonekana. Funzo lake ni dhahiri: simu humwita mtu, lakini haimvushi. Kwa hiyo tunaomba kila kisiwa chenye watu kiwe na boti iliyo tayari usiku na mchana, yenye mafuta ndani yake na nahodha anayejulikana kwa jina. Tunaomba pia nyumba za kungojea karibu na hospitali, ili mama mwenye mimba ya hatari avuke mapema, wakati bahari ni shwari na maji yamejaa.

La tatu ni la hospitali. Sindano ya oksitosini, inayozuia damu, hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika huharibika nguvu yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya majaribio ya dawa nyengine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo yaliwahusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi 10. Dawa ya namna hii ndiyo inayofaa vituo vya visiwani. Na mtoto asiyelia azaliwapo asaidiwe kuvuta pumzi ndani ya dakika moja ya mwanzo, kwa kifaa kidogo cha mkono kisichohitaji umeme. Yule aliyezaliwa kabla ya siku zake afungwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kama walivyoanza kufanya madaktari wa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, walipopungukiwa na mashine za kuwatia watoto joto. Joto la mama halinunuliwi.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Hospitali ya Abdalla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa mwaka 2016, na ni fahari yetu sote. Lakini jengo zuri halimfai aliyebaki ng'ambo ya maji. Wakuu wanaohusika watakapopanga bajeti, tunawaomba wauhesabu na mkondo ule wa bahari kuwa ni sehemu ya hospitali. Kwani kwa mzazi wa kisiwani, mlango wa wodi unaanzia pwani ya kijijini kwake.